Damu Imekataa Kusimama: Hemofilia ni Nini, na Mbona Dawa Yake Kenya Inatoka kwa Mabeste wa Majuu?

Tukiwa kidato cha pili nilikuwa na deski mmoja ambaye hakuwahi kucheza boli. Siku ya gemu yeye alikuwa anakaa kando ya kiwanja, goti limefura kama embe, akituchungia mashati na viatu. Odijo wa gemu alisema huo ni uvivu. Mbogi ikambandika jina "Mzee". Mtaani kwao wamama walikuwa na jibu lao tayari: huyo mtoi amerogwa.

Miaka kadhaa baadaye aling'olewa jino siku ya Ijumaa. Jumatatu bado alikuwa anatema damu. Hapo ndio daktari wa hosi moja kubwa alimuuliza mathe yake swali ambalo hakuna mtu alikuwa ameuliza kwa miaka 18: "Kwenu kuna ndugu yako ama mjomba wako alikufa akivuja damu?"

Walikuwa wawili.

Hiyo kitu inaitwa hemofilia. Na kama hujawahi kuisikia, si makosa yako, haiko kwa story za mtaa. Lakini tulia dakika chache tuongee, ju kuna watu wako majuu wanatuma dawa hapa Kenya bila kulipisha, na kuna wasee hapa hapa mtaani wanaumia ju hawajui wanaugua nini. Hizo pande mbili hazijakutana vile inafaa, na wewe unaweza kusaidia zikutane.

Kwanza, damu husimama aje?

Umejikata na kisu ukikata sukuma wiki. Damu inatoka, unafinya kidole, baada ya dakika chache imekatika, unaendelea kupika. Hapo katikati mwili umefanya kazi kubwa sana.

Mshipa unajibana. Halafu vichembe vidogo vya damu vinavyoitwa pleti vinakimbia kwa shimo na kujirundika kama mifuko ya mchanga mafuriko yakija. Lakini rundo peke yake ni dhaifu, damu ikisukuma kidogo inabomoka. Lazima kitu kishike hayo marundo, na hicho kitu ni wavu wa nyuzi zinazoitwa fibrini.

Na hizo nyuzi ni polima. Usiogope hilo neno, mimi mwenyewe nilihepa chuo kabla nimalize na bado nalielewa. Polima ni mnyororo mrefu uliotengenezwa kwa vipande vidogo vingi vilivyoshikana, kama ushanga. Mtungi wa maji ni polima. Nywele za kusuka za dukani ni polima. Wanga ulio kwa ugali pia ni polima. Kwa damu yako vile vipande viko tayari saa zote, vinaelea vikiwa vimetengana. Ukijikata vinashikana, wavu unajisuka, damu inasimama.

Swali ni nani anaviambia vishikane. Kuna protini kadhaa kwa damu, madaktari wanaziita fakta na kuzipa nambari. Zinafanya kazi kama mbio za kupokezana kijiti: huyu anaamsha huyu, huyu anaamsha yule, mpaka wa mwisho anasuka wavu. Fakta ya 8 na ya 9 ziko katikati ya hizo mbio. Msee akikosa ya 8, hiyo ni hemofilia A. Akikosa ya 9, ni hemofilia B. Kijiti kinaanguka, wavu haushikani vizuri.

Kwa hivyo toa hii story ya jaba kwa kichwa: mtu wa hemofilia havuji damu kwa kasi kukuliko. Anavuja kwa muda mrefu kukuliko. Na mara nyingi hiyo damu huwezi kuiona, ju inavuja ndani: kwa goti, kwa kiwiko, kwa kifundo cha mguu, kwa misuli. Kiungo kinafura, kinakuwa moto, kinauma vibaya. Ikirudi hapo hapo mara nyingi inakula mfupa na kiungo kinakauka. Ikivuja kwa kichwa, hiyo ni kifo kiko mlangoni.

Mbona ni mabro ndio wanaumia?

Maagizo ya kutengeneza fakta 8 na 9 yako kwa kromosomu ya X. Dem ana X mbili, boy ana moja tu. Dem akiwa na X moja mbovu, ile nyingine inamshikilia. Boy akiwa na hiyo mbovu, hana spea.

Hesabu iko hivi. Mama mwenye X moja mbovu, kila mtoto wa kiume atakayezaa ana nafasi nusu kwa nusu ya kuwa na hemofilia, na kila binti ana nafasi nusu kwa nusu ya kuibeba. Baba mwenye hemofilia hawezi kupatia vijana wake, lakini mabinti wake wote wataibeba. Ndio maana inaruka: iko kwa mjomba, inapotea, inatokea tena kwa mjukuu, na familia inaanza kutafuta ni jirani gani amewaroga. Hakuna aliyerogwa. Haiambukizi pia. Na karibu theluthi moja ya walio nayo hawana historia yoyote kwa familia, mabadiliko yameanza na wao ama na mama yao.

Masista pia msihepe hii story. Dem anayebeba anaweza kuwa na fakta ya chini, na dalili yake ikawa hedhi nzito kila mwezi ambayo ameambiwa "zoea tu". Tena kuna ndugu ya hemofilia inaitwa von Willebrand, hiyo haichagui boy ama dem.

Hemofilia A iko kwa takriban mtoto 1 kati ya kila watoto 5,000 wa kiume wanaozaliwa. B ni adimu zaidi. Haichagui kabila, rangi wala dini. Malkia Victoria wa Uingereza aliibeba, ikatembea mpaka kwa mtoto wa mfalme wa Urusi. Kama iliingia ikulu, itaingia plotini kwenu.

Disemba na kisu

Hapa Kenya, ngori kubwa inakuja na tohara. Kijana ambaye hajawahi kuumia vibaya anapelekwa Disemba na rika yake, wenzake wanapona, yeye anaendelea kulowesha shuka. Wazee wanasema ni muoga ama alivunja mwiko. Masaa yanapita.

Hemofilia haimaanishi kijana hawezi kutahiriwa. Inamaanisha afanyiwe hosi, na daktari anayejua, na dawa iko hapo kabla kisu kitoke. Tofauti ya hizo mbili ni maisha. Na inaanza na swali moja la bure kwa mathe: kwenu kuna mtu huvuja damu sana?

Dawa ipo. Bei sasa…

Dawa ya kawaida ni rahisi kuelewa: umekosa fakta, unadungwa fakta kwa mshipa. Inapimwa kwa yuniti, kama token za stima. Na kama token, inaisha. Fakta 8 ya kawaida, nusu yake imeshatoka mwilini baada ya karibu masaa 12.

Piga hesabu nami. Yuniti 1 kwa kila kilo ya mwili inapandisha fakta 8 kwa asilimia 2 hivi. Msee wa kilo 50 akitaka kufika asilimia 40 ju goti limefura, anahitaji yuniti 1,000. Akigonga kichwa na inafaa afike asilimia 100, ni 2,500, na hiyo ni dozi ya kwanza tu. Sasa wale wa nchi tajiri hawangoji kuvuja, wanadungwa kila wiki ili kuzuia. Msee huyo wa kilo 50 akidungwa yuniti 1,250 mara 3 kwa wiki, kwa mwaka anamaliza yuniti 195,000. Mtu mmoja.

Matokeo yake ni nini? Alex Dowsett, Mwingereza mwenye hemofilia A kali, alikuwa mwendesha baiskeli wa kulipwa. Mwezi wa Mei 2015 alivunja rekodi ya dunia ya saa moja kwa kuendesha kilomita 52.937. Ugonjwa ni ule ule wa deski wangu. Mmoja alipata dawa tangu akiwa mtoi, mwingine alipata jina la utani.

Kuna hata tiba ya jeni sasa. Ile ya hemofilia B iliyoitwa Hemgenix ilipitishwa Marekani mwaka 2022, dozi moja dola milioni 3.5. Kwa shilingi 129 kwa dola, hiyo ni zaidi ya milioni 450. Hata harambee ya kaunti nzima haitoshi.

Mabeste wa majuu ni akina nani?

Mwaka 1963, msee wa Kanada anaitwa Frank Schnabel, ambaye yeye mwenyewe alikuwa na hemofilia kali, alianzisha Shirikisho la Hemofilia Duniani, linaloitwa WFH. Makao yako Montreal. Siku ya Hemofilia Duniani ni Aprili 17 ju ndiyo siku Schnabel alizaliwa.

Hao WFH wana mpango wa msaada wa dawa ulioanza 1996. Mwanzoni ilikuwa kuokota kinachobaki: kampuni ina chupa ziko karibu kufika tarehe ya mwisho, inazitoa. Ni poa, lakini huwezi kupanga maisha na mabaki. Mambo yalibadilika 2014, wakati kampuni 2, Biogen ya Marekani na Sobi ya Sweden, ziliahidi kutengeneza yuniti bilioni 1 za kugawa kwa nchi zinazoendelea kwa miaka 10. Sasa daktari aliweza kupanga: huyu mtoi atadungwa kila wiki, huyu afanyiwe upasuaji wa goti. Kampuni zingine kama Roche zikaingia baadaye. Kenya ni moja ya nchi zinazopokea huo msaada.

Lakini chupa peke yake si matibabu. Ukitumwa dawa na hakuna mtu wa maabara anayeweza kupima fakta, itakaa kwa friji mpaka iharibike. Ndio maana WFH pia huoanisha hosi: ya nchi iliyobobea na ya nchi inayoanza, madaktari na wauguzi wanatembeleana na kufunzana. Kule Eldoret, hosi ya MTRH na Chuo Kikuu cha Moi wako na uhusiano wa zaidi ya miaka 30 na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, kupitia mpango wa AMPATH. Ndani ya hiyo beste-beste, kituo cha hemofilia cha Indianapolis kimeshirikiana na Eldoret kujenga huduma ya hemofilia magharibi mwa Kenya. Wakfu wa hemofilia wa Novo Nordisk, ulioanza 2005, pia umesaidia miradi hapa. Nairobi, kliniki iko KNH. Na wagonjwa wenyewe na familia zao wako na chama chao, Kenya Haemophilia Association.

Indiana si jina geni kwa hii story. Ryan White, yule kijana ambaye Michael Jackson na Elton John walimfanya beste, alikuwa wa Indiana na alikuwa na hemofilia A. Fakta aliyodungwa ilitoka kwa damu ya watu iliyokuwa na virusi vya HIV. 1984 akaambiwa ana ukimwi, shule ikamfungia mlango, akafa 1990 akiwa na miaka 18. Wagonjwa wengi wa hemofilia duniani walikufa hivyo miaka hiyo. Baada ya hapo dawa ikaanza kuuawa virusi kwa joto na kemikali, na kuanzia 1992 kukawa na fakta 8 inayotengenezwa maabara bila kutegemea damu ya watu kama zamani.

Juala, maji na sindano chache

Sasa rudi kwa polima kidogo, kuna kitu kitamu hapa.

Unakumbuka majuala tuliyopigwa marufuku Agosti 2017? Juala ni polithini, mnyororo wa kaboni na haidrojeni. Ukiitupa kwa maji inaelea, miaka na miaka, haichanganyiki. Kwa jumla polima ni ngumu kuchanganya. Sukari inayeyuka kwa chai haraka ju molekyuli zake ni ndogo na zinasambaa huru. Mnyororo mrefu hauna huo uhuru, na kila kipande kikichukia jirani kidogo tu, vipande elfu vinafanya hiyo chuki kuwa kubwa. Ndio maana ukiyeyusha plastiki aina 2 pamoja, mara nyingi zinajitenga, na wasee wa taka lazima wazichambue kwanza.

Lakini chukua ule mnyororo, weka oksijeni baada ya kila kaboni 2. Umepata binamu ya juala anaitwa PEG. Huyu anapenda maji balaa, anayeyuka kabisa. Wanasayansi wakambandika kwa fakta 8. PEG anavuta maji na kuizungushia fakta kama koti, mwili unachelewa kuisafisha, na nusu ya dawa badala ya kuisha kwa masaa 12 inafika karibu 18. Adynovate ya 2015, Jivi ya 2018 na Esperoct ya 2019 zinatumia huo ujanja. Zile za Biogen na Sobi zinatumia njia nyingine: wameunganisha fakta na kipande cha kingamwili.

Masaa 6 yanaonekana machache? Waulize mathe anayetoka kijijini na mtoi, nduthi halafu mat mbili, kutafuta mshipa wa mkono mdogo mara 3 kwa wiki. Kuna hata dawa ya hemofilia A inaitwa emicizumab, iliyopitishwa Marekani 2017, ambayo inadungwa chini ya ngozi tu, mara moja kwa wiki ama hata mara moja kwa wiki 4. Roche wameitoa msaada kupitia WFH.

Sasa shida iko wapi?

WFH husema nchi ikitaka wagonjwa wake waishi tu, ianze na yuniti 1 ya fakta kwa kila raia kwa mwaka. Kwa Kenya hiyo ni yuniti milioni 50 na kitu. Tukitegemea msaada peke yake, siku beste akipunguza mkono, mtoi wetu ndiye anavuja. Serikali lazima iingie na bajeti yake. Hilo tuliseme bila kuogopa.

Lakini kuna shida ya pili ambayo haihitaji bajeti. Sensa ya 2019 ilihesabu watu milioni 47.6. Ukitumia makadirio ya wataalamu, karibu wanaume 21 kwa kila laki moja, Kenya inafaa kuwa na karibu watu 5,000 wenye hemofilia. Wanaojulikana hawafiki nusu. Hakuna mtu atakutumia dawa ya msee ambaye hayuko kwa daftari. Wengine wako huko nje wanaitwa wavivu, wanaitwa Mzee.

Kaa rada: unafanya nini?

Cheki hizi dalili: mtoi akianza kutambaa anapata mavilio makubwa bila sababu. Goti ama kiwiko kinafura tena na tena bila kugongwa. Damu ya pua, jino ama tohara inakataa kusimama. Sindano ya chanjo inaacha uvimbe mkubwa.

Ukiona hivyo, mpeleke hosi na useme wazi: "Nataka apimwe kuganda kwa damu." Kuna kipimo ambapo wanachanganya damu yake na ya mtu mzima kiafya, bila zile chembe. Ikiganda vizuri, inamaanisha kuna fakta alikosa ikajazwa na hiyo nyingine. Halafu wanapima ni fakta gani.

Mkingoja usaidizi, kiungo kikifura: pumzisha, weka barafu iliyofungwa kwa kitambaa, funga kwa bendeji bila kukaza sana, inua juu. Usimpe aspirini, brufeni wala diclofenac, zinazidisha kuvuja. Panadol ni sawa. Asidungwe sindano ya matako. Na akigonga kichwa, usingoje dalili. Nenda hosi saa hiyo hiyo, hata kama anacheka.

Deski wangu sasa yuko kwa daftari. Anadungwa kliniki, ana mboka, na hajavuja vibaya kwa muda mrefu. Lakini bado anachechemea, ju lile goti liliisha zile siku tulikuwa tunacheka kiwanjani. Dada yake ana mimba, na daktari wa kliniki tayari anajua tarehe yake.

Wikendi ukienda ocha, kaa na shosho umuulize kuhusu wajomba. Wote, hata wale hawatajwi.